Penye Miti na Wajenzi

Msomaji, ukijaliwa kufika Nyeri, usipite Ruring'u bila ya kusimama kidogo. Hapo pana uwanja ambao jina lake haliwezi kufutwa katika tarehe ya Kenya. Katika Desemba 1963, siku chache baada ya uhuru, wapiganaji waliokuwa wakiishi msituni walitoka wakakusanyika Ruring'u kumlaki Jomo Kenyatta na kuweka silaha zao chini. Walikuwa wamekaa msituni miaka mingi kwa njaa na baridi, na walipotoka walitaraji ardhi, elimu na kazi. Miaka hamsini baadaye uwanja huohuo uliahidiwa kujengwa upya uwe wa fahari. Kazi ilianza katika miaka ya 2010, kisha ikasimama, na kwa muda mrefu majukwaa yasiyokwisha yalibaki yakitazama mbingu kama vinywa vilivyoachwa wazi katikati ya neno.

Sasa ondoka hapo, ushike njia iendayo Mweiga. Baada ya mwendo usiochosha utafika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Katika ardhi ya chuo hicho pametengwa bustani ya sayansi na teknolojia, na ndani yake imo kampuni iitwayo Semiconductor Technologies Limited, iliyoasisiwa na Mkenya Anthony Githinji. Kazi yake ni chipu, yaani vile vipande vidogo vya silikoni ambavyo bila yavyo simu haisemi, kompyuta haihesabu, wala gari la siku hizi haliwaki. Kwa hiyo katika mji mmoja wa mlimani utaona mambo mawili yanayopingana: jengo la mawe lililoshindwa kwisha, na kiwanda cha kazi ngumu kuliko mawe kilichothubutu kuanza.

Insha hii inataka kuuliza kwa nini. Kwa nini baadhi ya mipango ya serikali huzaa viwanda, na mingine huzaa hotuba tu? Usidhani kuwa swali hili ni la mawaziri na wenye mali peke yao. Kila mwaka vijana wa Nyeri, Karatina, Othaya, Nanyuki na Embu humaliza shule, wakafunga mizigo yao na kupanda matatu kwenda Nairobi kutafuta kazi. Wengi wa wanaoondoka ndio wale waliofundishwa vema. Wahenga walisema kuwa penye miti hapana wajenzi. Methali hiyo inatuuma sisi wa milimani, maana hapa miti ipo, maji yapo, shule zipo, na wajenzi huzaliwa, lakini hawakai. Basi swali la viwanda ni swali lako wewe unayesoma: je, elimu yako itakuwa nauli ya kukutoa kwenu, au nyenzo ya kukujenga ulipo?

Umezoea kusikia kuwa uhakiki ni kazi ya kupima mashairi na hadithi. Mhakiki husoma shairi akauliza: limesema nini, limesema kwa nani, na limetimiza lililokusudia? Mimi naona kuwa mpango wa serikali nao ni maandishi. Una mwandishi, una msomaji, una ahadi mwanzoni na hitimisho mwishoni. Tofauti ni kwamba shairi baya hupoteza saa moja ya msomaji, na mpango mbaya hupoteza ujana wa kizazi kizima. Kwa hiyo hauna budi kuhakikiwa kwa ukali zaidi. Maswali yangu ni manne, nayo ni rahisi. Nani amejifunza? Nani atanunua? Nani ni jirani? Na nani atakuwako taa za sherehe zikizimwa? Mpango ukijibu maswali hayo, una uhai. Ukishindwa, hata ukiandikwa kwa wino wa dhahabu, ni karatasi.

Kabla ya kupima tuelewane juu ya jambo moja: kongano la viwanda. Neno hili hutumiwa na wataalamu wa leo kutaja viwanda vya kazi moja au kazi za kuhusiana vilivyokaa mahali pamoja. Jina ni geni, jambo lenyewe ni la zamani. Kwenda Kamukunji, Nairobi, ukasikilize. Kabla hujaona kitu utasikia nyundo. Huyu anakunja bati, yule anachomelea, wa tatu anapaka rangi, wa nne anauza vyuma vikuukuu ambavyo hao watatu hawawezi kufanya kazi bila yavyo. Mteja akikosa sufuria kwa fundi mmoja huipata kwa jirani yake, na kwa sababu hiyo wateja huja wengi, na kwa kuwa wateja ni wengi mafundi nao huzidi. Mwanafunzi wa ufundi hana haja ya kulipia kila somo, kwani macho yake hujifunza hata wakati mikono yake imepumzika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 jiko la makaa lenye tumbo la udongo, ambalo hula makaa machache kuliko jiko la bati tupu, lilienea Kenya kwa njia hiyo. Wataalamu walileta fikira, wakalijaribu pamoja na mafundi. Lakini haikuwa amri wala tangazo lililolifanya lijae katika kila soko, bali ni ujirani wa mafundi. Mmoja alitengeneza, wa pili akatazama, wa tatu akarekebisha. Mwanachuoni wa uchumi wa Uingereza aitwaye Alfred Marshall alikwisha kuliona jambo hili mnamo 1890 alipoandika juu ya miji ya viwanda ya kwao. Aliona kwamba mahali ambapo watu wa kazi moja wamekaa pamoja kwa muda mrefu, siri za kazi huacha kuwa siri, na watoto huzipata karibu bila ya kufahamu kuwa wanafundishwa.

Ukilifahamu hilo, umekwisha kufahamu kosa kubwa la mipango mingi. Watu huona kongano likistawi, wakaangalia majengo yake, wakadhani kuwa majengo ndiyo yaliyolistawisha. Kisha hujenga majengo kama hayo kwao na kungoja. Ni sawasawa na mtu aliyeona mzinga umejaa asali, akaenda kuchonga mzinga mzuri zaidi, akautundika mtini pasipo maua. Mzinga si nyuki.

Hebu tutazame mbali kidogo, kisha turudi. Katika California, Marekani, lipo bonde ambalo dunia nzima huliita kwa jina la silikoni. Hadithi inayopendwa ni ya vijana wawili, William Hewlett na David Packard, walioanza kampuni yao mnamo 1939 katika banda la gari. Hadithi hiyo ni ya kweli, ila haikutimia. Vijana hao walikuwa na mwalimu, Frederick Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyewatia moyo wakae karibu badala ya kukimbilia mashariki mwa nchi. Mnamo 1951 chuo hicho kilitenga sehemu ya ardhi yake iwe ya viwanda. Mnamo 1957 wahandisi wanane waliacha kazi kwa William Shockley, wakaanzisha kampuni ya Fairchild, na kutoka Fairchild wakatoka watu walioanzisha kampuni nyingine, Intel ya 1968 ikiwa mojawapo. Na mnunuzi alikuwa nani? Mwanzoni mwa miaka ya 1960 chipu zilikuwa ghali mno, na karibu zote zilinunuliwa na serikali ya Marekani kwa ajili ya makombora na vyombo vya kwenda mwezini. Basi usiambiwe kuwa serikali haikuwako katika banda lile. Haikushika nyundo, lakini ilishika mkoba.

Taiwan ni funzo lililo karibu nasi zaidi, kwa sababu haikuanza kwa utajiri. Mnamo 1973 serikali yake iliunda taasisi ya utafiti wa viwanda. Mnamo 1976 taasisi hiyo ilipatana na kampuni ya Marekani iitwayo RCA, na kundi la wahandisi vijana likapelekwa Marekani kujifunza kutengeneza chipu. Walirudi. Nakuomba uliweke neno hilo moyoni: walirudi, kwa kuwa walikuwa na mahali pa kurudia. Mnamo 1980 bustani ya sayansi ilifunguliwa Hsinchu, jirani na vyuo vikuu viwili na jirani na taasisi ileile. Mnamo 1987 ikaanzishwa kampuni ya TSMC chini ya Morris Chang, na serikali ikatia karibu nusu ya mtaji wa mwanzo. Leo kampuni hiyo hutengeneza chipu bora kuliko zote duniani. Tazama mpangilio wake: kwanza taasisi, pili watu waliofundishwa, tatu bustani, nne kampuni kubwa. Kutoka hatua ya kwanza hadi ya nne ilipita miaka 14, na utajiri mkubwa ulikuja baadaye zaidi.

Yawezekana utasema, haya ni mambo ya wenzetu; sisi tu watu wa majani ya chai. Vema, na tuzungumze juu ya majani ya chai, kwani katika mashamba yaliyokuzunguka umo mpango wa serikali mmoja uliofaulu, nawe huuoni kwa sababu umeuzoea. Zamani watu wengi waliamini kuwa chai ni zao la mashamba makubwa, na kwamba mkulima mdogo hawezi. Mnamo 1957 kiwanda cha Ragati, karibu na Karatina, kilijengwa kwa ajili ya wakulima wadogo. Kisha ikaja mamlaka maalumu ya kusimamia mazao hayo mnamo 1960, na mnamo 1964 ikazaliwa ile tunayoiita KTDA. Chai haina subira: jani lililochumwa lazima lifike kiwandani upesi, ama sivyo huharibika. Kwa hiyo haikutosha kumwambia mkulima apande. Ilibidi kuwe na kitalu cha miche, mwalimu wa kilimo, kituo cha kupimia majani, barabara ya kupitisha lori wakati wa mvua, kiwanda, na soko. Kiungo kimoja kikikatika, mnyororo wote ni bure.

Uweke mpango huo mbele ya maswali yetu manne. Nani alijifunza? Mkulima mwenyewe, shambani pake. Nani alinunua? Soko la chai lilikuwa linajulikana tangu siku ya kwanza. Nani alikuwa jirani? Maelfu ya wakulima waliokizunguka kiwanda kimoja. Nani alibaki baada ya sherehe? Wale wale, maana miche haihami. Wakulima wana manung'uniko mengi juu ya malipo na uongozi, na mengi ni ya haki. Walakini hakuna mtu anayeweza kusema kuwa viwanda vile havikusimama. Ufundi wa chipu na ufundi wa chai ni mbalimbali kama mbingu na ardhi, lakini kanuni ya kuvilea viwanda ni moja.

Sasa pima mpango wa pili, ambao ulishindwa. Mnamo 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kibuni gari la Kenya. Wahandisi walifanya kazi ya kusifiwa, na mnamo 1990 magari matano yaliyoitwa Nyayo Pioneer yalionyeshwa mbele ya umma. Yalikwenda. Mtu asicheke wahandisi wale. Walipewa mtihani mgumu nao walijibu. Kampuni ya kuyatengeneza magari mengi iliundwa, lakini magari mengi hayakupata kutengenezwa. Kosa lilikuwa wapi? Swali la kwanza lilijibiwa: watu walijifunza. Swali la pili halikujibiwa, kwani mtaji wa kiwanda haukupatikana na mnunuzi hakuandaliwa. Swali la tatu halikujibiwa pia: gari huundwa kwa maelfu ya vipande, na viwanda vya jirani vya kutengeneza vipande hivyo kwa wingi na kwa bei nafuu havikuwako. Gari lilizaliwa yatima. Hukumu yangu ni kuwa mpango ule ulikuwa kama shairi lenye beti moja nzuri sana, na mtunzi akaondoka kabla ya kuandika ya pili.

Mpango wa tatu ni Konza. Mji huo wa teknolojia ulipangwa chini ya Ruwaza ya 2030, iliyozinduliwa mnamo 2008. Ardhi ya ekari 5,000 ilipatikana kilomita zipatazo 60 kutoka Nairobi, na katika Januari 2013 Rais Mwai Kibaki, mwana wa Othaya, akazindua ujenzi. Miaka mingi ilipita, na wapita njia waliokwenda Mombasa waliona nyika tu. Baadaye barabara, mifereji ya maji na kituo cha kuhifadhi data vilijengwa, na mpango wa chuo cha juu cha sayansi kwa ushirikiano na Korea Kusini ukafuata. Mimi si miongoni mwa wanaosema kuwa Konza imekufa. Mji hauhukumiwi kwa umri wa miaka michache. Lakini lazima niseme kuwa mpangilio wake uligeuzwa kichwa chini miguu juu. Ardhi ilitangulia, mifereji ikafuata, na watu wakaalikwa mwishoni. Wakati nyika ile inangoja, vijana wenye programu za simu walijikusanya wenyewe Nairobi, kando ya Barabara ya Ngong, ambako kituo cha iHub kilifunguliwa mnamo 2010. Walikwenda huko kwa sababu moja tu: wenzao walikuwa huko.

Tusiseme kuwa serikali haikuwasaidia vijana wale. Iliwasaidia sana, ila kwa kazi isiyokatiwa utepe mara nyingi. Serikali ya Kenya iliongoza mpango wa waya wa baharini uitwao TEAMS, uliotoka Fujairah kule Ghuba hadi Mombasa na kufika mnamo 2009, na intaneti iliyokuwa ya kusuasua ikapata barabara pana. Kabla ya hapo, mnamo 2007, wasimamizi wa serikali walikuwa wamekubali M-Pesa ianze, wakaichunga badala ya kuizuia. Waya ule haukumchagulia mtu kazi. Ulipitisha njia tu, na wenye miguu wakatembea. Hapo ndipo utaona kuwa serikali inaweza kuwa mwalimu, mnunuzi, au mtengeneza njia, na kila mara ilipokuwa mojawapo ya hao ilizaa matunda. Ilipojifanya fundi na mpiga debe kwa pamoja, ilichoka njiani.

Turudi Nyeri. Jambo la kwanza la kulisifu katika mpango wa chipu ni kwamba shule ilitangulia kiwanda. Chuo kile hakikushuka kutoka mawinguni. Kilianza kama chuo cha ufundi kilichochangiwa na wananchi kwa harambee katika miaka ya 1970, kwa kumbukumbu ya Dedan Kimathi aliyenyongwa na serikali ya kikoloni katika Februari 1957. Wazee wa kwetu, wengi wao wasiojua kusoma, walitoa shilingi ili wajukuu wajue mashine. Mnamo 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki, na katika Desemba 2012 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Kiwanda kilipotafuta mahali pa kukaa, kilikuta wahandisi wanafundishwa ng'ambo ya ua. Hiyo si bahati. Hiyo ni akiba iliyowekwa miaka arubaini kabla.

Jambo la pili ni kwamba dunia imegeuka na kutupa nafasi. Mnamo 2022 Marekani ilipitisha sheria iliyotenga zaidi ya dola bilioni 50 kwa ajili ya viwanda vya chipu, kwa kuwa iliogopa kutegemea mahali pachache mno. Mnamo 2024, Rais William Ruto alipozuru Washington, Kenya ilitajwa kuwa mojawapo ya nchi zitakazoshirikiana na Marekani katika jambo hilo, na kiwanda cha Nyeri kikatajwa kwa jina. Ni heshima kubwa. Lakini mhakiki hapewi mshahara wa kusifu heshima. Ahadi ya mgeni ni kama mvua ya jirani: ukiiona unashukuru, ila hulimi kwa kuitegemea. Serikali za nje hubadilika, na kalamu iliyoandika msaada yaweza kuufuta.

Basi naleta maswali yangu. Nani amejifunza? Wapo vijana waliojifunza, na hapa alama ni nzuri. Nani atanunua? Hapa nasita. Chipu za Nyeri haziwezi kushindana leo na zile ndogo mno za Taiwan, wala hazina haja. Zipo chipu za kawaida zinazohitajika katika mita za umeme na maji, katika mizani, katika vyombo vya hospitali. Serikali ya Kenya na serikali za kaunti hununua vitu hivyo mwaka baada ya mwaka. Kama wanasema kwa dhati kuwa wanataka kiwanda kiishi, na watangaze kuwa sehemu ya manunuzi hayo itatengewa vyombo vyenye chipu za hapa, kwa masharti makali ya ubora na kwa muda unaojulikana. Serikali ya Marekani ilifanya hivyo na haikuona haya.

Nani ni jirani? Hapa alama ni ndogo. Kiwanda kimoja si kongano, kama vile mti mmoja si msitu. Chipu inataka maji yaliyosafishwa kupita kiasi, umeme usiokatika hata kwa kitambo kidogo, gesi na dawa maalumu, mafundi wa kutengeneza mitambo, na watu wa kuingiza chipu hizo katika vyombo vinavyouzwa. Kila hitaji katika hayo lingeweza kuwa kiwanda kidogo cha pembeni, na kila kiwanda kidogo kingekuwa ajira ya mtu wa Ruring'u, Kiganjo au Karatina. Jambo hili lilikwisha kujaribiwa kwetu. Kenya iliunda shirika la kusaidia viwanda vidogo mnamo 1967, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kituo cha viwanda vya mashambani kiliwekwa katika wilaya ya Nyeri. Fikira ilikuwa njema. Lakini vituo vile viliwapa mafundi ushauri na mikopo bila ya kuwapa kiwanda kikubwa cha jirani ambacho kingenunua kazi yao. Sasa kiwanda kikubwa kinaanza kuonekana, na mafundi wa jua kali wangali wakipigwa na jua. Nani atawaunganisha? Kama hakuna, kiwanda kitakuwa kisiwa: kitaleta vyake kutoka ng'ambo, kitapeleka vyake ng'ambo, na mji utasikia habari zake redioni.

Nani atabaki sherehe zikiisha? Swali hili ndilo linalonirudisha Ruring'u. Majukwaa yasiyokwisha yanatufundisha kuwa serikali huanza upesi na kuchoka upesi, maana kuanza kuna picha, kuendelea hakuna. Uwanja ukisimama, wacheza mpira hutafuta uwanja mwingine. Kiwanda cha chipu kikisimama kwa miaka miwili, kinakufa kabisa, kwani ufundi wake huchakaa upesi kuliko bati. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kwa hiyo heri mpango mdogo wa miaka ishirini kuliko mkubwa wa miaka mitano.

Wapo wanaopinga mambo haya yote, nami si haki kuwaficha. Baadhi yao husema serikali isitie mkono, soko litachagua. Kwao najibu kwa mfano wa chai: soko halikujenga Ragati, wala halikupitisha barabara ya lori. Wengine husema nchi yenye watu wanaolala njaa haina haja ya chipu. Hao nawaheshimu zaidi, maana wanasema kwa huruma. Lakini hiyo ndiyo hoja iliyotumiwa zamani kumwambia mkulima mdogo kuwa chai si yake. Mtu maskini asipewe kazi ya kimaskini tu, la sivyo umaskini utakuwa urithi wake. Linalowapasa wapingaji hao ni kudai kuwa faida ya kiwanda iwafikie walio nje ya ua, na katika dai hilo mimi ni mwenzao.

Hukumu yangu, msomaji, ni hii. Mpango wa Nyeri ni bora kuliko gari la Nyayo, kwa kuwa una mizizi katika shule. Ni bora kuliko mwanzo wa Konza, kwa kuwa watu walitangulia kuta. Ni dhaifu kuliko mpango wa chai, kwa kuwa bado haujapata mnunuzi wa hakika wala jirani wa kutosha. Umefaulu beti ya kwanza. Beti ya pili haijaandikwa, na sehemu yake si ya rais wala ya balozi.

Sehemu hiyo ni yako. Siku moja utaitwa kwenye mkutano, na mtu mwenye sauti nzuri atakuonyesha picha ya majengo ya vioo. Usipige makofi upesi. Inua mkono, kwa adabu, uulize yale maswali manne. Na kama wewe ndiwe utakayepelekwa ng'ambo kujifunza, kumbuka wahandisi wa Taiwan waliorudi, lakini kumbuka pia kuwa walirudi kwa sababu taasisi iliwangoja mlango wazi. Wadai wakubwa wako mlango huo kabla hujaondoka. Wale waliotoka msituni mnamo 1963 wakafika Ruring'u walikuwa wametimiza sehemu yao ya ahadi. Sehemu iliyobaki ni kuufanya mlima huu uwe mahali penye miti na wajenzi wake pia.